Maji ya Paa Yanakwenda Wapi? Kufundisha Jiografia na Mazingira Shule ya Msingi

Muulize mtoto wa darasa la nne mazingira ni nini, atajibu bila kusita: "Ni vitu vyote vinavyotuzunguka." Muulize yanatunzwaje, atasema kwa kufagia, kupanda miti na kutokata miti ovyo. Majibu yote mawili yanapata vema kwenye daftari, na yote mawili yanaliacha jambo lenyewe pembeni. La kwanza ni pana mno, halimwoneshi chochote. La pili limeligeuza somo kuwa zamu ya usafi.

Somo la Jiografia na Mazingira, ambalo mtaala wa Tanzania wa 2023 unalianza darasa la tatu, linauliza mambo mengine: kwa nini mahali hapa pako hivi, watu wanaishije napo, na kuishi kwao kunapabadilishaje. Hapo ndipo fundo lilipo, maana uhusiano wa watu na mazingira una nyuzi tatu zilizosokotana. Watu hutegemea mazingira, hujirekebisha kuyafuata, na huyabadilisha. Kisha badiliko hilo huwarudia, aghalabu kwa namna ambayo hakuna aliyeikusudia. Vitabu huzipanga nyuzi hizi kila moja na sura yake, mtoto akazikariri moja moja na asizione zikikutana.

Zinakutana kwenye paa. Chukua nyumba mbili za asili. Tembe la Wagogo wa Dodoma lina paa bapa la miti lililofunikwa kwa udongo. Msonge wa Wahaya wa Bukoba ni nyumba ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi, paa lake limeinuka wima na kushuka karibu na ardhi. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka wa kawaida, tena katika msimu mmoja kati ya Desemba na Aprili. Bukoba hupata zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Waulize watoto: tembe likihamishiwa Bukoba litakuwaje? Watajibu wenyewe, kwa kelele, kwamba udongo utalowa, utakuwa mzito na paa litaporomoka. Mvua si sababu pekee, maana hata miti na nyasi zilizokuwapo mahali ziliamua mengi, lakini ni sababu ambayo mtoto wa miaka tisa anaiona kwa macho yake. Sasa wengi wameezeka bati. Bati halinywi tone. Je, maji yote yale yanakwenda wapi?

Swali hilo linatosha kulibeba somo kwa muhula mzima.

Kwanza, ramani ya uwanja

Kabla ya kufuata maji lazima mtoto aweze kuchora mahali. Darasa la kwanza na la pili wasisumbuliwe na skeli. Kwao mbele, nyuma, kushoto, kulia, karibu na mbali zinatosha. Darasa la tatu ndipo kosa kubwa la kwanza hujitokeza: mtoto akiambiwa achore meza jinsi inavyoonekana kutoka juu, anachora mstatili halafu anautandazia miguu minne kwenye pembe. Hajakosea kwa uzembe. Anachora anachokijua, na anajua meza ina miguu. Mpe kikombe akiweke sakafuni, asimame juu yake, afumbe jicho moja na achore anachokiona tu. Ataona duara na pembeni kipande cha mkono wa kikombe. Rudia kwa kiberiti, sahani na ndoo. Vipindi viwili vya vitu vidogo vinaokoa wiki nzima ya ramani mbovu.

Skeli ifuate, darasa la nne. Chumba cha mita 9 kwa 7 kikichorwa kwa sentimita 1 kuwakilisha mita 1 kinaenea vizuri kwenye ukurasa wa daftari. Kwa uwanja mzima tumia sentimita 1 kwa mita 10. Uwanja wa mita 100 kwa 75 utakuwa sentimita 10 kwa 7.5. Usiwaachie watoto wachague skeli wenyewe mara ya kwanza, la sivyo choo kitakuwa kikubwa kuliko uwanja wa mpira, kwa kuwa kila mmoja huanza na jengo analolipenda na kulichora kubwa, halafu nafasi inamwishia. Dawa yake ni kukata kwanza vipande vya karatasi vyenye vipimo sahihi vya kila jengo, kuvipanga juu ya ukurasa, kuvisogeza mpaka vikae sawa, kisha kuvizungushia penseli.

Futi kamba moja haitoshi darasa la watoto 80, na haihitajiki. Nunua kamba ya manila ya mita 20, ifungwe fundo kila baada ya mita 1. Kila mtoto atembee urefu huo mara tatu kwa mwendo wake wa kawaida na kuhesabu hatua. Akipata hatua 40, hatua yake ni nusu mita, na kuanzia hapo miguu yake ndiyo kipimo chake. Wavulana hupenda kunyoosha hatua ili wapate namba ndogo, kama vile ni mashindano. Waambie mapema kwamba anayejinyoosha ataharibu ramani yake mwenyewe. Kazi hii haiishi kwa dakika 40. Omba vipindi viwili vya mfululizo, gawa makundi kumi ya watoto wanane, na kila kundi lipewe upande wake wa uwanja. Makundi yote yakipima kitu kimoja yatasubiriana na kuanza kucheza.

Dira ndiyo sehemu inayofundishwa vibaya kuliko zote. Ramani ya Tanzania imetundikwa ukutani, kaskazini ikiwa juu, basi mtoto anaamini kaskazini iko darini na kusini sakafuni. Ishushe ramani, itandaze sakafuni au nje, uizungushe mpaka kaskazini yake ielekee kaskazini halisi. Hapo Mwanza na Mtwara zinapata upande wa kweli na mtoto anaweza kuzinyooshea kidole.

Kaskazini halisi utaipataje bila dira? Simika fimbo iliyonyooka, mita 1 juu ya ardhi, mahali tambarare. Saa 5 asubuhi weka jiwe kwenye ncha ya kivuli, kisha funga kamba kwenye shina la fimbo na uchore duara linalopita kwenye jiwe hilo. Kivuli kitafupika, kisha kitarefuka tena. Kikiligusa duara upande wa pili, weka jiwe la pili. Mstari kutoka jiwe la kwanza kwenda la pili unatoka magharibi kwenda mashariki, na ukikatwa kwa pembe mraba unapata kaskazini na kusini. Kwa Dodoma tarajia jiwe la pili karibu saa 8 na robo mchana. Mtoto mwerevu atauliza kwa nini isiwe saa 7 kamili, ikiwa jua huwa katikati saa 6. Mjibu kwamba saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, na Dodoma iko magharibi yake, karibu nyuzi 36, hivyo jua huichelewa kwa zaidi ya nusu saa.

Njia ya mkato ya kunyoosha mkono wa kulia kunakochomoza jua inafaa mwezi Machi na Septemba. Mwezi Juni jua huchomoza nyuzi 23 hivi kaskazini mwa mashariki, na Desemba kiasi hichohicho kusini. Wala usiwaambie kwamba kivuli cha mchana huelekea upande mmoja mwaka mzima. Dodoma kinaangukia kusini tangu Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba, kisha kinageuka.

Pili, mvua kwa ndoo

Kipima mvua kinatokana na chupa ya plastiki ya lita 1.5, lakini si kila chupa. Chagua yenye kiwiliwili kilichonyooka. Yenye kiuno au mikunjo itatoa vipimo vya uongo, kwa kuwa milimita moja kwenye kiuno si sawa na milimita moja kwenye tumbo. Kata sehemu ya juu pale inapoanza kupungua, igeuze iwe faneli, itumbukize ilipokatwa. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo weka kokoto na maji mpaka uvuke mabonde hayo, na hapo ndipo sifuri ya rula yako. Kokoto pia zinaizuia chupa isipeperushwe. Isimamishe mahali pa wazi, mbali na mti au ukuta kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wake, isome kila siku saa 3 asubuhi, halafu uirudishe kwenye sifuri. Jumatatu ni shida: mvua ya Jumamosi na Jumapili itasomwa pamoja. Iandikwe hivyohivyo, "siku tatu", wala isigawanywe kwa tatu kupata namba nzuri.

Sasa milimita zipewe maana. Kwa mtoto, "milimita 20" ni neno tupu. Mwambie: milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1 kamili. Toka naye nje mpime ardhi iliyo chini ya paa la darasa, kutoka ukingo wa bati hadi ukingo wa bati. Pimeni ardhini, msipime mteremko wa bati lenyewe, maana mvua hushuka kutoka juu na inachokutana nacho ni kivuli cha paa. Hapa hata walimu hukosea. Tuseme mmepata mita 10 kwa 8, yaani mita mraba 80. Mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua ya alasiri moja tu, inamwaga lita 1,600 juu yake. Paa lina migongo miwili, kila upande unapokea lita 800, na ukingo una urefu wa mita 10. Kila mita moja ya ukingo inamwaga lita 80: ndoo nne za lita 20.

Panga ndoo nne mstari mmoja, watoto wazione. Zidisha kwa vyumba saba. Kiasi kidogo hurukia pembeni au kukauka kwenye bati la moto, lakini hesabu haiharibiki kwa hilo. Kwa mara ya kwanza mtoto anaelewa kwa nini kuna korongo nyuma ya darasa la sita.

Tatu, korongo na fagio

Nendeni kwenye kona pale maji yanapokusanyikia. Karibu kila shule yenye mteremko ina ushahidi, ila unapitwa kila siku: mizizi iliyoachwa wazi, changarawe iliyobaki baada ya udongo laini kuondoka, na ukutani mwa msingi mstari wa rangi ya udongo ulio juu kuliko ardhi ya leo. Pimeni kutoka mstari huo hadi ardhini. Ikiwa ni sentimita 18, na mnajua jengo lilijengwa mwaka gani, mna hesabu ya kugawanya ambayo hakuna kitabu kilichowapa.

Kwa kipimo cha sasa, pigilieni vijiti vya sentimita 30 kandokando ya korongo, sentimita 10 zikibaki juu, na mpime sehemu inayoonekana baada ya kila mvua kubwa. Kijiti kikionekana sentimita 12, udongo umepungua sentimita 2. Kikionekana 7, udongo umeletwa hapo kutoka juu, na hilo watoto hulisahau: udongo ulioondoka haujapotea duniani, umehamia bondeni, mtoni, au kwenye shamba la mtu.

Kisha uliza fagio linahusika vipi. Kila asubuhi uwanja unafagiliwa kwa mafagio magumu, majani yote yanachomwa, na tunasifu "mazingira safi." Uwanja ule mweupe umepigwa na miguu mamia mpaka umekuwa mgumu kama saruji, na juu yake hakuna kitu cha kulipokea tone la mvua. Tone likianguka kwenye udongo mtupu linaupasua na kuurusha. Chembe laini zinaziba vitundu vya ardhi, na maji yasiyoweza kuingia yanaanza kukimbia. Usafi na utunzaji wa ardhi hapa vimegongana, na si vema kumficha mtoto mgongano huo. Plastiki na mabaki ya chakula yaokotwe. Nyasi za kandokando ya majengo ziachwe, zikatwe fupi kwa sababu ya nyoka na mbu, zisiparuliwe.

Jaribio la chupa tatu linalionesha hilo mezani. Laza chupa tatu za aina moja, kata dirisha upande wa juu wa kila moja, jaza udongo wa sehemu moja mpaka usawa wa mdomo wa chupa. Ya kwanza iache tupu. Ya pili ifunike kwa majani makavu. Ya tatu panda ulezi au mtama uliosongamana, wiki mbili au tatu kabla; mwalimu anayekumbuka jaribio jana yake hatakuwa na chupa ya tatu. Inua vitako kwa nusu tofali, weka glasi chini ya kila mdomo. Mwaga nusu lita kila chupa kwa kopo lenye matundu ya msumari, kutoka kimo cha sentimita 30.

Jaribio hili huharibika kwa njia tatu. Udongo ukiwa mkavu kabisa katika chupa moja, itakunywa maji yote na isitoe kitu, kwa hiyo zilowesheni zote jana yake. Ukishindiliwa zaidi katika moja, unapima mkono wako badala ya mimea. Maji yakimwagwa kwa mkupuo yatachimba hata penye ulezi. Angalia pia hitimisho la watoto: wengi watasema ulezi "umekunywa maji." Kwa nusu dakika mmea haunywi kitu cha kuhesabika. Majani yamevunja nguvu ya matone na mizizi imeushika udongo. Chupa ya majani makavu ndiyo inayothibitisha, maana majani yaliyokufa hayanywi na bado maji yake yametoka meupe kuliko ya chupa tupu.

Watu walifanya nini

Hapo ndipo mifano ya mbali inapofaa, baada ya ya karibu. Mingi hufundishwa kama kesi ambayo mkulima na mfugaji wameshahukumiwa. Afadhali kuanza na Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wanaolima kwenye miteremko mikali kwa ngoro kwa zaidi ya karne moja. Nyasi hufyekwa na kupangwa kwa miraba, kila mraba una upande wa mita 1.5 hadi 2. Udongo huchimbwa katikati na kufunika nyasi zile, yakabaki matuta yaliyozunguka shimo. Maharage hupandwa kwenye matuta, baadaye mahindi. Shimo linashika maji na tope, nyasi zinaoza kuwa mbolea. Mtoto aliyepima korongo la shule anaelewa mara moja shimo lile linafanya kazi gani.

Kondoa ni mfano mgumu zaidi na ndiyo maana unafaa darasa la tano na la sita. Mmomonyoko ulikuwa umekata makorongo makubwa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ukaanza mwaka 1973. Makinga maji na upandaji miti havikutosha, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Uoto ulirudi. Lakini ng'ombe walikuwa maziwa, samadi, mahari na akiba ya siku ya shida. Mwulize mtoto nani alipata, nani alipoteza, na kama angekuwa yeye angefanyaje. Hakuna jibu moja la kutiwa vema. Pima kama ametoa sababu.

Shinyanga inaongeza kitu kingine. Kabla ya uhuru maeneo makubwa yalifyekwa ili kumfukuza mbung'o anayeua ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana. Nia ilikuwa kuokoa mifugo, na baadaye malisho yakawa haba. Wasukuma walikuwa na ngitili, eneo linalofungwa wakati wa mvua ili majani yake yaliwe kiangazi, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 ulijengwa juu ya desturi hiyohiyo.

Jambo moja la kuwa nalo makini: sentensi "tukikata miti mvua haitanyesha." Mwaka huu miti imekatwa kijijini na mwakani mvua ikanyesha vizuri, mtoto ataona mwalimu amesema uongo. Mvua zetu zinaletwa kwa sehemu kubwa na unyevu wa Bahari ya Hindi na ukanda wa mgandamizo mdogo wa hewa unaolifuata jua kaskazini na kusini, ndiyo sababu pwani ya kaskazini ina vuli na masika ilhali Dodoma ina msimu mmoja. Misitu mikubwa huchangia unyevu wa hewani, hilo ni kweli. Ila kinachoonekana haraka penye miti iliyokatwa ni kile mlichokipima: mvua ileile inakimbia juu ya ardhi badala ya kuzama, na chemchemi inakauka mapema kiangazi. Fundisha hilo, na mtoto ataweza kulihakiki.

Mtihani nao uifuate kazi. Swali "Taja sababu nne za mmomonyoko" linapima kumbukumbu. Mpe mchoro wa shule yenye mteremko, mishale ya maji, korongo na kisima, umuulize choo kipya kijengwe wapi na kwa nini kisiwe upande wa juu wa kisima. Mpe paa la mita 12 kwa 6 na mvua ya milimita 15, umuulize pipa la lita 200 litajaa mara ngapi. Ni lita 1,080, yaani mapipa matano na kidogo. Atakayejibu matano apewe alama zote, na atakayeuliza kama paa lina gata upande mmoja au pande mbili aongezewe moja. Daftari la vijiti na la kipima mvua libaki kabatini mwaka unapoisha, darasa la nne linaloingia Januari lianze pale wenzao walipoachia.